Maswali Yenu ya Sinema: Zeus, Medusa na Watoto Sebuleni

Safari hii nimeyaweka pamoja maswali ya aina moja tu maana yamekuja mengi kwa mpigo, wazazi na vijana wote wanauliza kuhusu zile muvi za familia zenye miungu ya Kigiriki, mashujaa wa upanga, majoka na farasi wanaoruka. Ni muvi ninazozipenda kwa moyo wote kwa hiyo mahali nimerefusha mnivumilie. Barua nimezifupisha kidogo na majina nimeficha kama wenyewe mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo Anti. Nina watoto wawili, mmoja miaka sita mwingine kumi. Mkubwa kazipenda sana stori za miungu ya Kigiriki anataka tuangalie muvi yake pamoja, ila huyu mdogo ni mwoga balaa. Tuanze na ipi ambayo wote wataifurahia na mimi mwenyewe sitasinzia? – Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzeni na Hercules, katuni ya Disney ya 1997. Ina nyimbo, ina vichekesho, ina Pegasus yule farasi wa mabawa, na ina wale wanawake watano wanaosimulia kwa kuimba ambao kwa maoni yangu ndo wanaibeba muvi nzima (Wagiriki wenyewe walikuwa nao tisa, mkubwa wako atapenda kuwatafuta wanne waliobaki). Wewe hutasinzia, maneno ya Hades, mungu wa kuzimu, peke yake yatakuweka macho.

Kwa mdogo kuna sehemu mbili za kumwandaa. Ya kwanza ni Hydra, lile joka la vichwa vingi. Hercules anamezwa, kunakuwa kimya, alafu anatokeza kwa kuikata shingo kutoka ndani, watu wanashangilia, na kabla hata furaha haijaisha ile shingo inaota vichwa vitatu. Anakata tena vinaongezeka, anakata tena vinaongezeka, mpaka skrini imejaa meno. Hapo mwoga wako atakukimbilia. Mwambie mapema kwamba joka linashindwa, hakuna ubaya wowote kumwambia mtoto mdogo mwisho wake, wao hawaharibikiwi utamu kama sisi. Na mkubwa hapo hapo bonyeza pozi umuulize, wewe ungefanyaje, maana ukikata unaongeza tatizo? Mwache ahangaike nalo. Kwenye katuni Hercules analiangushia mlima, lakini kwenye hadithi ya zamani alisaidiwa na mpwa wake Iolaus aliyeshika mwenge wa moto, kila kichwa kikikatwa yeye anachoma shingo isiote tena. Mtoto wa miaka kumi akisikia hiyo anaona kabisa kwamba akili ilishinda misuli na atawasimulia wenzake wiki nzima.

Sehemu ya pili iko karibu na mwisho, Hercules anaingia kwenye mto wa roho za wafu kumfuata mpenzi wake Megara na mwili wake unazeeka kadiri anavyoogelea. Haina damu ila inagusa. Kaa karibu naye tu.

SWALI: Mimi ni baba na niseme ukweli nimekasirika. Binti yangu wa miaka kumi na moja anasoma sana, tumeangalia hiyohiyo Hercules, katikati akaniambia baba hii ni uongo, Hera hakuwa mama yake, Hera ndo alikuwa adui yake! Nikaenda kusoma nikakuta kweli. Sasa kwa nini watengenezaji wanawadanganya watoto? Si bora asome kitabu tu? – Baba wa Msomaji

JIBU: Kwanza hongera kwa binti, na hongera kwako ulienda kusoma na wewe. Yuko sahihi kabisa. Kwenye hadithi ya Wagiriki mama yake Herakles (ndo jina la Kigiriki la Hercules) ni Alkmene, binadamu wa kawaida, baba ni Zeus mkuu wa miungu, na Hera, mke wa Zeus, kwa hasira za mume wake ndo anatuma nyoka wawili wamuue mtoto kitandani. Mtoto akawanyonga wote wawili kwa mikono. Katuni imeweka nyoka pia, ila hapo wanatoka kwa Hades.

Sasa mrudishe binti kwenye muvi amwangalie yule mama mkulima anayemuokota na kumlea Hercules. Anaitwa nani? Alcmene. Na mumewe ni Amphitryon, majina yaleyale ya hadithi ya zamani. Maana yake walioitunga walikuwa wanaijua hadithi vizuri, wakachagua kuigeuza. Walikuwa wanatengeneza muvi ya mtoto aliyepotezana na wazazi wake anatafuta njia ya kurudi nyumbani, na kwenye muvi kama hiyo Hera hawezi kuwa muuaji. Pia hadithi ya zamani inafika mahali Hera anamtia shujaa wazimu anaua watoto wake mwenyewe. Nani angemwonyesha hilo mtoto wa miaka sita?

Ila jambo kubwa ninalotaka ulijue wewe na yeye ni kwamba Wagiriki hawakuwa na toleo moja lililo rasmi. Kila mshairi alikuwa anavuta upande wake. Mshairi Hesiod anasema Medusa, yule mwenye nywele za nyoka ambaye ukimtazama unageuka jiwe, alizaliwa hivyohivyo, mmoja wa dada watatu wa kutisha ambaye yeye peke yake ndo angeweza kufa. Karne nyingi baadaye Mrumi Ovid akaja na toleo lake, Medusa alikuwa msichana mrembo sana mwenye nywele za kupendeza akageuzwa kwa hasira ya mungu wa kike. Ni Medusa wawili tofauti kabisa, mmoja unamwogopa mwingine unamlilia. Mwaka 412 K.K. mtunzi wa michezo Euripides aliwaonyesha watu wa Athens mchezo ambao Helen, yule mrembo aliyesababisha vita vya Troy, hakuwahi kufika Troy, miaka yote ya vita watu wanachinjana kwa ajili ya kivuli, mwenyewe katulia Misri! Fikiria watazamaji waliokuwa wamelelewa na mashairi ya Homer kuhusu vita hivyo walivyokaa pale wanatazama. Ni hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea, tangu huko.

Kwa hiyo binti akisema "wamebadilisha", usimwambie nyamaza tuangalie, na usizime. Muulize wamebadilisha nini, na kwa nini pale pale. Huo ni utamu wa pili ambao asiyesoma haupati, na yeye keshaupata ana miaka kumi na moja tu. Kitabu asome, muvi aangalie, vyote.

Lakini kuna mabadiliko moja ambalo na mimi linaniuma na nitalisema bila kuficha. Ni Hades. Kwenye katuni hii ndo mbaya mkuu, na muvi nyingine nyingi baada ya hapo zimemfanya hivyohivyo, kama vile mtu akiwa bosi wa wafu lazima awe shetani. Wagiriki hawakumwona hivyo. Ndugu watatu walipiga kura, Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, Hades akapata kuzimu, na akakaa huko akafanya kazi yake. Alikuwa wa kuogopwa ndiyo, alimteka msichana Persephone awe mke wake na hilo si dogo, ila ukimlinganisha na Zeus kwa vituko huyu alikuwa mtulivu na mwenye kushika taratibu. Kumfanya shetani kunawanyima watoto wazo moja zito, kwamba kifo kinaweza kuwa na mlinzi bila kuwa na adui. Hilo ongea naye binti, atakuelewa.

SWALI: Anti naomba msaada wa haraka. Mume wangu aliwawekea watoto ile muvi ya kizamani Jason and the Argonauts, sasa wa miaka saba hataki kulala peke yake, anasema mifupa itatoka chini ya kitanda. Nifanyeje? – Silali na Mimi

JIBU: Pole mama. Na mwambie mumeo chaguo lake ni zuri sana, ila mtoto wa saba alihitaji mtu pembeni. Dawa ya hofu hii ni kumwonyesha ilivyotengenezwa.

Muvi ni ya 1963 na hiyo mifupa ni kazi ya Mmarekani mmoja anaitwa Ray Harryhausen. Ni midoli! Midoli midogo ya kushikika mkononi, ndani ina vyuma vyenye viungo ili iweze kukunjwa ikae ulivyoiweka. Unaiweka mbele ya kamera unapiga picha moja. Unasogeza mkono kidogo sana, picha nyingine. Sekunde moja ya sinema ni picha 24. Sasa pale mwishoni askari wa mifupa wako saba, kila mmoja ana kichwa, mikono miwili na miguu miwili, hivyo ni vitu 35 vya kusogeza kabla ya kila picha, na akumbuke kila kimoja kilikuwa kinaelekea wapi. Lile pambano la dakika chache lilimchukua miezi minne na nusu. Na wale waigizaji, mwambie mtoto, walikuwa wanapigana na hewa! Walifanya mazoezi na watu wa kweli kwanza wakakariri kila pigo, alafu wale watu wakatolewa, wakapigana peke yao mbele ya kamera na mifupa ikaja kuingizwa baadaye. Rudieni kipande hicho mchana, mataa yamewashwa, mtoto akiwa ameshika rimoti mwenyewe, aangalie macho ya Jason anavyolenga mahali ambapo siku ile hapakuwa na mtu.

Kisha chukueni simu na mdoli wake yeyote. Kuna apu nyingi za bure za kupiga picha moja moja na kuziunganisha. Msogeze mdoli kidogo, piga, msogeze, piga. Akishaona mdoli wake anatembea mezani kwa kazi ya mikono yake mwenyewe, mifupa inakuwa kitu anachokijua. Mtoto anayejua siri ya kitu hakiogopi, anaanza kukionea fahari.

Na mkirudi kuiangalia yote msiruke lile jitu la shaba, Talos. Liko limepiga goti juu ya msingi wake limetulia kabisa, wanaume wawili wako chini wanaiba, alafu kichwa kinageuka taratibu na ule mlio wa chuma kinachosaga. Hakuna kompyuta yoyote iliyonipa baridi ya mgongo kama ule mgeuko wa kichwa. Analoshindiwa ni kizibo cha kisigino, wanakifungua na uhai unamwagika. Kwenye shairi la Apollonius, karne ya 3 K.K., ni mchawi Medea anayemroga kutoka merikebuni mpaka anajikwaruza kifundo cha mguu kwenye jiwe, ila kinachomwagika ni kilekile, kama madini ya risasi yaliyoyeyuka.

SWALI: Mambo Anti. Nina miaka 14 na kusoma kwangu ni shida, herufi zinanichanganya, kwa hiyo vitabu vya Percy Jackson nimeshindwa japo marafiki zangu wote wanavisifia. Niangalie muvi au ile tamthilia? Wanasema muvi ni mbovu. – Mtoto wa Poseidon

JIBU: Poa mdogo wangu, na hilo jina umelichagua vizuri maana kuna kitu lazima ukijue. Percy mwenyewe, mtoto wa mungu Poseidon kwenye hadithi hiyo, kusoma kunampa shida. Herufi zinamchezea, kutulia darasani hawezi, anafukuzwa shule baada ya shule, na baadaye anaambiwa kwamba ubongo wake umeumbwa kusoma Kigiriki cha kale na kule kutotulia ni wepesi wa vitani. Rick Riordan, aliyeandika, alikuwa mwalimu, na hadithi hii ilianza akimsimulia mtoto wake wa kiume ambaye alikuwa na shida hiyohiyo. Mtoto aliipenda mitholojia, hadithi za zamani zilipoisha akamwomba baba atunge mpya. Kitabu cha kwanza kikatoka 2005. Kwa hiyo hadithi hii ilitungwa mahsusi kwa mtu kama wewe, na kabla haijawa kitabu ilikuwa ya kusikilizwa. Tafuta kitabu cha sauti, ni njia halali kabisa ya kusoma na asikudharau mtu.

Sasa swali lako. Anza na tamthilia, ile iliyoanza Disney+ Desemba 2023. Msimu wa kwanza una vipande nane, mwandishi mwenyewe alishiriki kuitengeneza, na Percy ana umri wa miaka 12 kama kwenye kitabu, hilo linabadilisha kila kitu kwa sababu mtoto wa 12 anayetafuta mama yake ni tofauti sana na kijana mkubwa anayefanya hivyohivyo.

Muvi ya 2010 wamewakuza wahusika umri, na ndo kisa mashabiki wengi wa kitabu hawakuisamehe. Mimi siiti mbovu. Ukiiangalia kama muvi ya Jumamosi ya familia inakwenda vizuri tu, ina Uma Thurman kama Medusa mwenye koti refu na miwani myeusi anapita katikati ya bustani ya watu wa mawe, na Percy anampiga kwa kumtazama kwenye mgongo unaong'aa wa kidude chake cha mkononi. Perseus, shujaa wa hadithi ya zamani aliyemuua Medusa, alitumia ngao ya shaba iliyosuguliwa, mbinu ileile miaka maelfu baadaye, napenda sana pale. Alafu wanapigana na Hydra ndani ya hekalu la Parthenon, na hiyo Parthenon siyo ya Athens, iko Nashville kule Marekani, ilijengwa kwa maonyesho ya 1897 kwa ukubwa uleule wa ile ya zamani, na ndani yake kuna sanamu ya Athena, mungu wa kike, refu kupita mita 12. Watu wanadhani ni kitu cha muvi kumbe kipo na kinatembelewa.

Ile ya pili ya 2013, ya bahari ya majoka, unaweza kuiacha, labda kama unampenda Tyson yule mdogo wake mwenye jicho moja.

SWALI: Clash of the Titans, ya zamani na ya 2010, ipi ya watoto? – Baba Mwenye Haraka

JIBU: Ya 2010 waachie waliokwisha ingia utineja, Marekani yenyewe wameipa alama ya PG-13 (wazazi wawe macho na walio chini ya miaka 13) na ni vurugu mwanzo mwisho. Ya 1981 ni PG (mzazi aongoze) na ndo yangu, ila iangalie kwanza peke yako, kuna sekunde chache za watu bila nguo na Medusa anakatwa kichwa waziwazi. Kama mtoto anaweza, kile kipande cha Medusa ndo bora kuliko vyote: ukumbi una giza, mwanga ni moto unaocheza ukutani, humwoni kwanza, unasikia tu mkia wake unavyotikisika, alafu mshale unatokea gizani. Ana upinde! Perseus kajibanza nyuma ya nguzo, jasho linamtoka, anatazama ngao tu. Ni midoli ya Harryhausen tena, na hiyo ndo ilikuwa muvi yake ndefu ya mwisho. Lile zimwi la baharini Kraken mwambie mtoto si la Kigiriki, limeazimwa kwa watu wa Skandinavia.

SWALI: Anti, sisi ni watu wa dini. Nawapenda watoto wangu na sitaki wachanganyikiwe, huku nawafundisha Mungu ni mmoja huku tunaangalia Zeus anarusha radi. Nikatae kabisa? – Mzazi Mwenye Wasiwasi

JIBU: Nakuheshimu sana kwa swali hili, na ukiamua kukataa ni haki yako, nyumba ni yako. Ila ukiniuliza mimi, nisingekataa, ningekaa nao. Mtoto anayeambiwa kabla ya muvi kuanza kwamba hawa ni wahusika wa hadithi ambao watu wa zamani sana waliwaamini, na sisi tunaamini hivi, anaelewa haraka kuliko tunavyodhani. Na miungu hii kwenye stori zenyewe haivutii kuabudiwa. Wana wivu, wanagombana, wanasahau ahadi, wanawaonea binadamu kwa sababu za kitoto. Mwache mwanao aseme mwenyewe, mbona huyu Zeus hana haki? Hapo una mlango wa mazungumzo yako yote ya imani na hukuulazimisha. Anzeni na moja tu, mkimaliza uwasikilize wanasema nini, kama umeona mkanganyiko simamisha, hazikimbii.

SWALI: Tumeshamaliza zote hizo Anti, nyumbani wanataka zaidi. Kuna nyingine? – Familia Yenye Njaa

JIBU: Zipo, ila hazijiiti za Kigiriki. Wape watoto kazi ya kuwinda. Wawekeeni tena Harry Potter ya kwanza, ya 2001, wasubiri lile lijibwa la vichwa vitatu linalolinda mlango wa sakafuni. Ni Cerberus, mlinzi wa kuzimu. Na linalalaje? Kuna kinubi kinajipiga chenyewe. Orpheus alishuka kuzimu kumfuata mke wake Eurydice, akamtuliza jibwa hilohilo kwa muziki. Aliyeongoza muvi hiyo ni Chris Columbus, na ndiye aliyekuja kuongoza Percy Jackson ya 2010. Kisha Narnia ya 2005, yule mpole mwenye miguu ya mbuzi na mwavuli kwenye theluji, wale nusu mtu nusu farasi wanaokimbilia vitani, wale vichwa vya ng'ombe upande wa mbaya, wahesabu waliowatambua. Nyumba nyingine waliweka karatasi ukutani, kila anayemwona kiumbe anaandika jina lake na jina la muvi, na mzozo mkubwa ulikuwa kama farasi yeyote mwenye mabawa lazima aandikwe Pegasus au la. Mimi nasema la, Pegasus alikuwa mmoja tu, aliyetoka kwenye shingo ya Medusa siku ile Perseus alipoikata, lakini kama mna ushahidi mwingine niandikieni.